Kidonge cha minyoo kilichopotea njiani Amazon, na kwa nini kinakuhusu wewe

UNAKUMBUKA siku ya dawa ya minyoo shuleni? Mnapanga foleni, mwalimu anakupa kidonge kimoja, unakitafuna akikuangalia, unarudi darasani mkitaniana nani ataona nini chooni kesho. Dakika mbili, mambo kwisha. Pengine hujawahi kukifikiria tena kidonge kile.

Sasa sikia hii. Mnamo Novemba 2022, polisi wa serikali kuu ya Brazil walifanya msako katika jimbo la Roraima, kaskazini mwa nchi hiyo, wakitafuta ushahidi kuhusu kidonge kama hicho hicho chako. Operesheni yenyewe waliiita Yoasi, jina la kiumbe ambaye katika masimulizi ya Wayanomami ndiye anayelaumiwa kwa kuleta mauti duniani. Kwa mujibu wa waendesha mashtaka, pesa za umma zilitengwa kununua dawa za Wayanomami, jamii ya asili inayoishi ndani kabisa ya msitu wa Amazon, lakini sehemu kubwa ya dawa hizo haikufika. Walisema zaidi ya watoto 10,000, kati ya takriban 13,000 waliopaswa kupewa dawa ya minyoo, waliikosa.

Na huko vijijini? Kulikuwa na taarifa za watoto wanaotapika minyoo.

Soma tena hapo. Wanatapika minyoo.

Najua unachofikiria. "Hao ni watu wa msituni, minyoo ni kawaida yao." Wengi wetu tungesema hivyo, na ndiyo maana nataka tuketi kidogo na hii stori. Kwa sababu ukiifuata hadi mwisho utagundua kwamba mnyoo hajali kama wewe ni wa msituni au wa Nairobi. Ana maswali mawili tu: unaenda haja wapi, na unakaa hapo kwa muda gani?

Wayanomami ni kina nani?

Sensa ya Brazil ya mwaka 2022 ilihesabu takriban watu 27,000 katika ardhi ya Wayanomami, na wengine wao wako ng'ambo ya mpaka, Venezuela. Ardhi yao upande wa Brazil ilitambuliwa rasmi mwaka 1992. Ni hekta milioni 9.6. Ukitaka kupata picha, hiyo ni kubwa kuliko kaunti nzima ya Turkana. Vijiji vingi havina barabara. Unafika kwa ndege ndogo, kwa mtumbwi, au kwa miguu siku kadhaa.

Nyumba yao ya jadi huitwa shabono. Ni jumba moja kubwa la mviringo lenye uwazi katikati, familia nyingi zikiishi chini ya paa moja, kila moja na moto wake na vitanda vyake vya kamba. Wanalima ndizi na mihogo, wanawinda, wanavua samaki. Na tangu jadi, baada ya miaka michache, shamba likichoka na paa likianza kuoza, wanahama na kujenga upya kwingine.

Halafu dhahabu ikaleta noma. Wachimbaji haramu waliingia kwa maelfu. Katika miaka ya karibuni idadi yao ilikadiriwa kufikia 20,000. Walichimbua kingo za mito, wakamwaga zebaki majini, wakaleta malaria na bunduki. Wanyama wa kuwinda wakakimbia. Samaki wakawa sumu. Vituo vingine vya afya vikafungwa kwa sababu wahudumu walihofia maisha yao. Januari 2023 serikali mpya ya Brazil ilitangaza hali ya dharura ya kiafya baada ya picha za watoto waliobaki mifupa kusambaa duniani kote.

Mnyoo alikuwepo kabla ya yote hayo. Kilichobadilika ni kwamba mtoto mwenye minyoo sasa pia ana njaa, ana malaria, na hana dawa. Mnyoo aliyekuwa kero akageuka kuwa adui.

Mnyoo anafanya kazi vipi?

Hapa wacha tuingie darasani kidogo, lakini nakuahidi si lile la kulala.

Kuna minyoo watatu wanaosumbua zaidi, na wote wanapitia udongoni. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu bilioni 1.5 wanao, yaani karibu mtu mmoja kati ya kila watano duniani.

Wa kwanza ni mchango, yule mrefu wa mviringo anayefanana na nyungunyungu. Jike mmoja hutaga takriban mayai 200,000 kwa siku. Kwa siku! Mayai hutoka na kinyesi. Yakiingia katika choo cha maana, safari yao imekwisha. Yakiangukia ardhini penye joto na unyevu, yanahitaji wiki mbili au zaidi kukomaa. Baada ya hapo yanasubiri tu, na yanaweza kusubiri miaka. Wewe unakuja, unachuma embe lililoanguka, huliosha, unakula. Yai linaanguliwa utumboni. Kiluwiluwi kinatoboa ukuta wa utumbo, kinaingia kwenye damu, kinapitia ini hadi mapafuni, kinapanda kooni, unakikohoa kidogo na kukimeza tena. Sasa ndiyo kinatulia utumboni na kukua hadi sentimita 20, 30 au hata zaidi.

Wakiwa wachache unaweza usijue kama wapo. Wakiwa wengi wanakula chakula ambacho mtoto alikihitaji, na wanaweza kujifunga fundo na kuziba utumbo kabisa. Mtoto akipata homa kali, wanahangaika, wanapanda juu. Hapo ndipo wanapotokea mdomoni au puani.

Wa pili ni mnyoo wa safura. Huyu ni mdogo, hafiki hata urefu wa kucha ya kidole gumba, lakini ndiye mwizi wa damu. Hangoji umle. Kiluwiluwi chake kinakaa kwenye udongo wenye unyevu na kuingia kupitia ngozi ya mguu usio na kiatu. Kisha anajing'ata utumboni na kufyonza. Mmoja anachukua tone dogo tu. Mamia yao, mwezi baada ya mwezi, wanamwacha msichana mwenye hedhi au mama mjamzito bila damu ya kutosha. Anachoka, moyo unamwenda mbio, kichwa kinamzunguka, na watu wanasema ni mvivu.

Wa tatu ana umbo la mjeledi. Anajichimbia kwenye utumbo mpana, na akizidi analeta kuhara damu na kumdumaza mtoto.

Umeona kitu hapo? Hakuna hata mmoja kati ya watatu hao anayeruka moja kwa moja kutoka kwa mtu hadi mtu kama mafua. Wote wanahitaji udongo uliochafuliwa, na wanahitaji muda. Kwa hivyo anayebadilisha mahali na muda anabadilisha kila kitu.

Siri ya kuhama

Fikiria kundi la watu 25 au 30 wanaohamahama. Karibu nasi hapa, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nchini Tanzania ni mfano: ni wawindaji na wachuma matunda wenye kambi ndogo, na hawakai mahali pamoja muda mrefu. Hawana choo cha shimo. Ukimuuliza afisa wa afya ya umma, atashika kichwa.

Lakini mwulize mnyoo. Mayai ya mchango yanahitaji wiki kadhaa kukomaa. Yakikomaa, watu wamehama au wako njiani. Kinyesi kimesambaa msituni mbali na pale wanapolala, kundi ni dogo, na jua la nyika linakausha kila kitu. Kwa mnyoo hiyo ni hasara tupu. Yule wa safura ana haraka zaidi, maana kiluwiluwi chake kinakuwa tayari kwa siku 5 hadi 10, lakini naye pia anataka watu warudi kukanyaga pale pale.

Sasa chukua kundi lile lile, liweke mahali pamoja. Jenga kituo, kanisa, shule na uwanja mdogo wa ndege. Waambie watu, "Huduma ziko hapa, msiende mbali." Wanakuja 300. Wanakaa mwaka, wanakaa miaka kumi. Hujawajengea vyoo. Kila mvua ikinyesha inasambaza mayai hadi kisimani. Watoto wanacheza hapo hapo. Umemjengea mnyoo mji mkuu wake.

Hii ndiyo sehemu ambayo wengi hawaielewi. Tunadhani jamii za asili zina minyoo kwa sababu "hazijaendelea". Mara nyingi ni kinyume. Zilivunjiwa mtindo wa maisha uliokuwa na kinga yake, kisha hazikupewa kinga ya maisha mapya, yaani choo, maji safi, viatu na zahanati. Zilipewa nusu ya maendeleo, na ni ile nusu mbaya.

Watsimane na hesabu ya watoto

Twende Bolivia, bado ndani ya bonde la Amazon. Huko kando ya mto Maniqui na mito jirani, katika jimbo la Beni, wanaishi Watsimane, takriban watu 16,000 katika vijiji zaidi ya 90. Wanalima ndizi, mihogo na mpunga, wanavua, wanawinda. Tangu mwaka 2002 kumekuwa na mradi wa wanasayansi na madaktari ambao wanawapima mwaka baada ya mwaka na kuwatibu. Ndiyo maana leo kuna mambo mengi yanayojulikana kuhusu minyoo ya Watsimane kuliko ya jamii nyingi zinazofanana nao.

Takriban asilimia 70 ya Watsimane wana minyoo ya aina moja au nyingine. Na mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha matokeo yaliyowashangaza wengi. Watafiti walifuatilia wanawake 986 kwa miaka tisa. Katika jamii hii mwanamke huzaa wastani wa watoto tisa. Waliokuwa na safura walichelewa kushika mimba, na makadirio yalionyesha kwamba mwanamke anayeishi na safura maisha yake yote angezaa watoto watatu pungufu. Waliokuwa na mchango walishika mimba mapema zaidi, na makadirio yao yakafika watoto wawili zaidi.

Ngoja, usianze kucheka. Watafiti wanaeleza hivi: mchango anatuliza kinga ya mwili ili asifukuzwe utumboni, na mabadiliko hayo ya kinga yanafanana na yale yanayotokea mwilini mwa mama ili asimkatae mtoto aliye tumboni. Safura naye anaiba damu, na mwili usio na damu ya kutosha hauko tayari kubeba mimba. Kwa maneno mengine, kiumbe usichokiona kinaweza kuingilia jambo la ndani kabisa la maisha yako, kama utazaa na lini, bila wewe kuulizwa.

Kuna jingine. Timu hiyo hiyo iligundua kuwa Mtsimane mwenye minyoo ana uwezekano mdogo wa kuwa na giardia, kijidudu kinachosababisha kuhara, na mwenye giardia ana uwezekano mdogo wa kuwa na minyoo. Ukimtibu mmoja, unamfungulia mwenzake mlango. Utumbo ni kama soko lenye vibanda vilivyojaa. Ukimfukuza mchuuzi mmoja na hujafunga kibanda, mwingine anaingia. Ndiyo maana daktari anayetibu bila kufikiria maji ya kunywa anakimbiza kivuli.

Usinunue stori ya TikTok

Najua pia kile utakachokutana nacho mtandaoni ukitafuta habari za Watsimane. Mwaka 2017 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliowapiga picha za mishipa ya moyo Watsimane 705. Asilimia 85 hawakuwa na dalili ya mishipa kuziba, na mzee wa miaka 80 alikuwa na mishipa kama ya Mmarekani wa miaka ya hamsini na kitu. Watu wakaruka: "Si mnaona? Wana minyoo na mioyo yao iko poa! Basi minyoo ni dawa!"

Taratibu. Watsimane wanatembea na kufanya kazi ya mwili siku nzima, wanakula vyakula visivyosindikwa, wengi hawavuti sigara kwa wingi. Wanasayansi wanachunguza kama minyoo nao wana mchango wao kwenye afya hiyo ya moyo, lakini hakuna anayewapongeza Watsimane kwa kuwa nao. Safura anapomnyima mama damu, moyo safi haumsaidii kujifungua salama.

Na huku duniani mambo yamegeuka kichekesho. Wapo watu Ulaya na Marekani wanaonunua minyoo mtandaoni na kujiambukiza kwa makusudi wakitumaini kuponya mzio. Wapo wengine kwenye TikTok wanaokuuzia "dawa ya kusafisha minyoo" ya majani na mbegu, wakionyesha nyuzinyuzi za uchafu wa tumbo na kudai ni minyoo. Mmoja anailipia iingie, mwingine anailipia itoke ilhali hana. Na mtoto wa Kiyanomami ambaye anao kweli alikosa kidonge ambacho kwa bei ya jumla ni shilingi chache tu.

Kidonge hakitoshi, lakini bila kidonge hakuna mwanzo

Dawa zenyewe si siri. Ni albendazole ya miligramu 400 au mebendazole ya miligramu 500, dozi moja. Kwa mchango zinafanya kazi vizuri sana. Kwa yule wa mjeledi, dozi moja mara nyingi haitoshi.

Shida ni kwamba dawa inaua mnyoo aliye tumboni. Haigusi yai lililo udongoni. Mtoto anameza kidonge Jumatatu, na Jumanne anakanyaga udongo ule ule. Uchambuzi uliokusanya tafiti kutoka nchi nyingi, uliochapishwa mwaka 2012, uliangalia hali ilivyo miezi 12 baada ya watu kupewa dawa. Mchango alikuwa amerudi karibu asilimia 94 ya kiwango cha awali. Wa mjeledi asilimia 82. Safura asilimia 57. Yaani mwaka mmoja tu na uko karibu pale ulipoanzia.

Mfano mzuri uko Malaysia. Nchi hiyo ilikuwa na mpango wa kitaifa wa dawa za minyoo shuleni tangu mwaka 1974, ikausitisha mwaka 1983. Uchumi ukapaa, maghorofa yakapanda Kuala Lumpur, mabomba ya maji yakafika mijini, na minyoo ikawa hadithi ya wazee. Lakini nenda kwa Orang Asli, jamii za asili za rasi hiyo, ambao wengi wao walihamishiwa vijiji vya kudumu vilivyopangwa na serikali. Tafiti baada ya tafiti zimekuta watoto wengi wa huko wakiwa na minyoo, na baada ya kutibiwa wengi wanaambukizwa upya ndani ya nusu mwaka. Nchi ni moja na hali ya hewa ni moja. Mabomba ya maji ndiyo yaliyoishia njiani.

Kwa hivyo mtu akikwambia "wapewe dawa tu", mwambie sawa, lakini wape na choo. Na akikwambia "dawa haina maana, wajengewe vyoo kwanza", mwambie choo kinachukua miaka na mtoto anaumwa leo. Vinatembea pamoja kama miguu miwili.

Na hapa kwetu je?

Kenya tuna stori ya kujivunia. Mwishoni mwa miaka ya 1990, shule 75 za msingi huko Busia zilihusishwa katika utafiti wa dawa za minyoo, na utoro ukapungua kwa karibu robo. Hata watoto wa shule jirani ambazo hazikupewa dawa walinufaika, maana mayai yalipungua kwenye udongo wa wote. Wachumi wengine wamebishana sana kuhusu hesabu hizo, lakini mmoja wa waliozifanya, Michael Kremer, alikuwa miongoni mwa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2019. Na mpango wa kitaifa wa dawa shuleni ulipoendeshwa kuanzia 2012, katika maeneo yaliyofuatiliwa na watafiti wa KEMRI, watoto wenye minyoo walishuka kutoka takriban asilimia 32 hadi takriban asilimia 13 kufikia 2017. Ile foleni uliyokuwa ukiichekea ilikuwa kazi ya maana.

Lakini tazama nani anaachwa nje ya foleni. Mpango wa shuleni unamfikia kwa urahisi mtoto aliye shuleni. Sasa wafikirie Waboni, ambao pia hujiita Waaweer, wa msitu wa Boni kaunti ya Lamu. Walikuwa wawindaji na warina asali wanaohamahama. Wakati wa vita vya shifta katika miaka ya 1960, walikusanywa katika vijiji kando ya barabara. Mwaka 1977 uwindaji ukapigwa marufuku nchini. Kisha yakaja mashambulizi ya al-Shabaab, na shule na zahanati kadhaa za Basuba na vijiji jirani zikafungwa. Kuhama kulikatazwa, huduma ikafungwa. Unaikumbuka ile hadithi ya nusu ya maendeleo? Haihitaji pasipoti ya Brazil.

Na kama wewe ni wa Nairobi na bado unasema hayo ni mambo ya mbali, nina takwimu moja ya mwisho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwapima watoto wa Kibera. Takriban wanne kati ya kila kumi walikuwa na angalau aina moja ya minyoo hii. Kibera, si Amazon. Mahali ambapo ukipanda juu kidogo unaona maghorofa ya Upper Hill. Choo kimoja kinatumiwa na familia nyingi, usiku si salama kwenda, mtu anajisaidia kwenye karatasi ya plastiki na kuitupa, mvua inakuja na kusambaza. Mnyoo hakuona tofauti yoyote kati ya mtaa huo na kijiji cha kando ya mto Maniqui. Aliuliza maswali yake mawili, akapata majibu yale yale.

Tofauti ni kwamba Kibera iko karibu na kamera, na Basuba iko mbali. Magonjwa haya yana jina rasmi: magonjwa ya ukanda wa joto yaliyopuuzwa. Ukilichunguza jina hilo unaona kasoro. Ugonjwa haupuuzwi peke yake. Mtu anayeugua ndiye anayepuuzwa kwanza. Dawa ya mtoto wa mjini ikipotea, mzazi anapiga kelele kwenye redio kabla ya saa nne asubuhi. Dawa ya mtoto wa Kiyanomami ilipotea, na ikachukua muda mrefu sana kabla ya yeyote kugonga mlango.

Ufanye nini wewe?

Kwanza, jilinde. Kama hujameza dawa ya minyoo tangu utoke shule na unaishi au unafanya kazi mahali penye shida ya choo, nenda zahanati uulize. Mjamzito wa miezi mitatu ya kwanza asimeze bila daktari. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni. Osha matunda na mboga za kula mbichi. Vaa viatu ukienda shambani au ukifua kwenye matope. Ukijikuta una hamu ya odowa au udongo na unachoka bila sababu, pima damu. Huenda mwili wako unalilia madini ya chuma, na udongo mbichi unaoula unaweza kuwa ndio unakuletea mayai.

Pili, acha lugha ya kudharau. Neno "washamba" au "watu wa msituni" linafanya kazi. Linafanya dawa iliyopotea ionekane hasara ndogo.

Tatu, uliza. Bajeti ya afya ya kaunti yako inajadiliwa kila mwaka, na wananchi wana haki kikatiba ya kushiriki. Vijana wengi tunaenda pale ambapo kuna soda na fulana. Nenda na swali moja tu: dawa za minyoo zilizonunuliwa mwaka huu ni ngapi, na zilifika zahanati gani? Uliza pia choo cha shule fulani kimekwama wapi. Wakikujibu kwa karatasi, omba kuiona. Kisha muulize mhudumu wa afya wa mtaa wako kama kweli alizipokea.

Ni swali dogo. Huko Roraima, swali kama hilo lingeulizwa mapema, watoto 10,000 wangekuwa wamekwisha meza kidonge chao na kurudi kucheza.